BeagleBone Black: waya mmoja wa USB, na intaneti isiyokuja yenyewe

Ahadi ya BeagleBone Black, kompyuta ndogo iliyojengwa juu ya bodi moja, ni tamu. Waya mmoja wa USB kutoka kwenye laptopu unaipa bodi umeme, unakufungulia mlango wa kuingia ndani yake, na unaiunganisha na mtandao. Ahadi mbili za kwanza zinatimia bila jasho. Ya tatu inatimia nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayowafanya watu wairudishe dukani bodi isiyo na kasoro hata moja.

Kwa hiyo tathmini hii haitahangaika na kasi wala urembo. Inaipima bodi kwa kazi moja tu: kuipatia intaneti kupitia waya uleule unaoipa umeme, bila rauta, bila waya wa Ethernet, bila skrini. Ndiyo hali ya wanafunzi wengi wa vyuo. Wi-Fi ya hosteli inadai jina na nywila kwenye ukurasa wa kivinjari, bodi haina Wi-Fi, na tundu la Ethernet la karibu liko ndani ya ofisi iliyofungwa.

Sifa zake kwa haraka. Ilitoka Aprili 2013 kwa dola 45 za Marekani, kazi ya BeagleBoard.org, ikiwa na prosesa ya AM335x ya Texas Instruments (Cortex-A8 moja, GHz 1) na RAM ya MB 512. Toleo C la mwaka 2014 lilipandisha hifadhi ya ndani, yaani eMMC, kutoka GB 2 hadi GB 4, na Debian ikachukua nafasi ya Ångström kama mfumo wa Linux unaokuja nayo. Kwa viwango vya leo prosesa hiyo ni mzee. Thamani ya bodi iko kwenye pini zake 92 na kwenye PRU mbili (vichakataji vidogo vya pembeni) za MHz 200, ambazo huwasha na kuzima pini kwa wakati kamili bila kusubiri Linux imalize shughuli zake. Anayeendesha mota au kusoma vihisi ataelewa uzito wa jambo hilo. Anayetaka kutazama video atafute kitu kingine.

Waya wenyewe

Tundu la USB la kuunganishia laptopu ni mini-B, si micro-B ya simu za zamani wala USB-C ya simu za sasa. Ni lile umbo lililotumika kwenye kamera za dijitali na vidhibiti vya PlayStation 3. Madukani mwa vifaa vya simu nyaya hizo zimeanza kuadimika, na zilizobaki mara nyingi ni za kuchajia tu: ndani zina nyuzi mbili za umeme, zile mbili za data hazimo. Hapo ndipo kisa cha kwanza kinapozaliwa. Taa ya umeme inawaka, taa ndogo ya USR0 inapiga mapigo mawilimawili kama moyo, kila kitu kinaonekana kizima, lakini laptopu haioni chochote.

Kuhakikisha ni rahisi. Kwenye laptopu ya Linux fungua terminali, andika `sudo dmesg -w`, kisha chomeka bodi na usubiri mfumo wake uwake. Usipotokea hata mstari mmoja mpya, badilisha waya kabla hujagusa mpangilio wowote. Kwenye Windows, tazama kama kumetokea diski mpya yenye jina la BEAGLEBONE. Diski hiyo huletwa na Linux ya ndani ya bodi, kwa hiyo haitokei papo hapo. Na usipitishe waya kwenye kigawanya-USB cha bei rahisi kisicho na umeme wake: kiwango cha USB 2.0 ni mA 500, na bodi hii ikiwa kazini haibakizi nyingi za kugawana na kipanya na flashi.

Mtandao upo, intaneti haipo

Bodi ikishawaka, waya huo mmoja unabeba vitu vitatu kwa pamoja: diski, tundu la siriali, na kadi mbili za mtandao. Kadi ya kwanza, `usb0`, inatumia RNDIS, itifaki ya Microsoft; bodi inajipa anwani 192.168.7.2 na laptopu inapewa 192.168.7.1. Ya pili, `usb1`, ni ya Mac na Linux. Bodi ni 192.168.6.2 na laptopu ni 192.168.6.1. Linux inaona zote mbili. Chagua moja ushikamane nayo. Kuchanganya lango la 6 na kadi ya 7 ni kosa dogo la kuandika linaloweza kukulia saa nzima.

Anwani hizo hutolewa na bodi yenyewe, kwa sababu ndani yake mna seva ya DHCP. Huu ndio ubunifu mzuri kuliko wote kwenye bodi, na ndio chanzo cha mkanganyiko wote. Unachomeka, unaandika `ssh debian@192.168.7.2` (SSH ni njia ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa amri), nywila ya kawaida ni `temppwd`, umeingia. Mtu anaona ameingia kwa mtandao, anadhani intaneti nayo imo. Haimo. Kilichopo ni kijia kati ya nyumba mbili. Ili bodi ifike nje, laptopu lazima ikubali kuwa rauta, na laptopu hailetwi kiwandani ikiwa rauta.

Kuna mambo manne yanayotakiwa, na yote yawepo kwa pamoja. Bodi ijue kwamba njia ya kwenda nje inapita 192.168.7.1. Laptopu iruhusu pakiti, yaani vipande vya data, kuvuka kutoka kadi ya USB kwenda kadi ya Wi-Fi. Laptopu ibadilishe anwani ya mtumaji iwe yake, kwa maana rauta ya Wi-Fi haijui 192.168.7.2 ni nani wala wapi pa kumrudishia jibu. Na bodi iwe na seva ya DNS ya kuiuliza majina. La kwanza na la nne hufanywa kwenye bodi. La pili na la tatu kwenye laptopu. Upande wa laptopu ndio unaosumbua zaidi.

Kabla hujaanza, jiwekee kamba ya usalama. Mipangilio mingi ya hapa chini inaweza kukukata SSH katikati ya kazi. Lile tundu la siriali haliguswi na mabadiliko ya mtandao, kwa hiyo lifungue kwanza: Linux `screen /dev/ttyACM0 115200`, Mac `screen /dev/tty.usbmodem` kisha bonyeza Tab ijaze jina lililobaki, Windows tumia PuTTY kwa namba ya COM iliyotokea kwenye Device Manager. Ukiona ukurasa mtupu bonyeza Enter, na maneno ya kuingilia yatatokea. Kwa maoni ya tathmini hii, tundu hili pekee linatosha kuipa bodi alama juu ya washindani wake. Ni ajabu kwamba watu wengi hawajui kama lipo.

Laptopu ya Linux

Hapa ndipo bodi inapojisikia nyumbani. Kama laptopu inatumia NetworkManager, kama Ubuntu na Fedora, chaguo la kushirikisha intaneti lipo tayari, ila lina mtego: likiachwa lilivyo, linaipa kadi ya USB anwani 10.42.0.1, na bodi inabaki kuitafuta 192.168.7.1 isiyokuwepo tena. Dawa ni kulazimisha anwani ileile ya zamani. Tazama kwanza jina la muunganisho kwa `nmcli connection show`. Kadi inayohusika huanza na herufi `enx`, na ndiyo yenye 192.168.7.1 ukiandika `ip addr`. Kisha:

sudo nmcli connection modify "Wired connection 2" ipv4.method shared ipv4.addresses 192.168.7.1/24
sudo nmcli connection up "Wired connection 2"

Weka jina lako badala ya hilo la mfano. Amri hizo zinamaliza uvushaji wa pakiti na ubadilishaji wa anwani, na juu yake zinawasha DNS kwenye 192.168.7.1. Pia zinabaki hata baada ya kuzima laptopu.

Asiyetumia NetworkManager, au anayetaka kuona kila kinachotendeka, afanye kwa mkono:

sudo sysctl -w net.ipv4.ip_forward=1
sudo iptables -t nat -A POSTROUTING -s 192.168.7.0/24 -o wlan0 -j MASQUERADE
sudo iptables -I FORWARD -s 192.168.7.0/24 -j ACCEPT
sudo iptables -I FORWARD -d 192.168.7.0/24 -m conntrack --ctstate RELATED,ESTABLISHED -j ACCEPT

Mambo mawili kuhusu mistari hiyo. Kwanza, `wlan0` huenda si jina la kadi yako. Amri `ip route | grep default` itakuonyesha jina baada ya neno `dev`, mara nyingi kitu kama `wlp2s0`. Ukiwa umewasha VPN jina linakuwa `tun0` au `wg0`, na kanuni iliyoandikwa kwa ajili ya Wi-Fi haitagusa pakiti hata moja. Pili, kwenye FORWARD, orodha ya kanuni za pakiti zinazovuka, ni `-I` (weka mbele), si `-A` (weka mkiani). Docker, programu ya kuendeshea programu nyingine ndani ya makasha, ikiwa imewekwa kwenye laptopu hufunga mlango wa FORWARD kwa chaguo-msingi, na fayawoli ya `ufw` nayo hufanya hivyohivyo. Kanuni iliyoongezwa mkiani inaweza kuwa nyuma ya kanuni iliyokwisha kuitupa pakiti. Kama maelekezo yaleyale yamefanya kazi kwenye laptopu ya mwenzako na kwako yamegoma, shuku Docker kwanza.

Upande wa bodi:

sudo ip route add default via 192.168.7.1 dev usb0
echo "nameserver 8.8.8.8" | sudo tee /etc/resolv.conf

Ukijibiwa `RTNETLINK answers: File exists`, maana yake bodi ina njia nyingine ya nje tayari, pengine ya Ethernet. Itazame kwa `ip route`, ifute kwa `sudo ip route del default`, kisha urudie. Ukikuta DNS inafutika kila baada ya muda, andika `ls -l /etc/resolv.conf`. Faili hilo likiwa kiungo kinachoelekeza kwenye systemd-resolved, kuandika humo ni kuandika mchangani. Tumia `sudo resolvectl dns usb0 8.8.8.8`. Matoleo ya zamani ya Debian ya bodi yalikuwa na ConnMan, programu ya kusimamia mtandao, nayo ina tabia hiyohiyo ya kuliandika upya faili. Na kuna mitandao ya vyuo na ofisi inayozuia DNS za nje. Hapo weka DNS ileile inayotumiwa na laptopu.

Windows

Windows inaweza kazi hii, lakini kwa masharti yake. Kikwazo cha mwanzo ni draiva: kadi ya RNDIS ikijitokeza kwenye Device Manager na alama ya mshangao, au ikichukuliwa kama tundu la COM, chagua kusasisha draiva, kisha kuichagua mwenyewe kutoka kwenye orodha, ingia Network adapters, Microsoft, halafu Remote NDIS Compatible Device. Huna haja ya kupakua draiva ya mtu yeyote mtandaoni.

Kushirikisha: bonyeza vitufe vya Windows na R, andika `ncpa.cpl`, bofya kulia kadi ya Wi-Fi, ingia Properties, kichupo cha Sharing, weka tiki kwenye ruhusa ya watumiaji wengine kuunganishwa, na uchague kadi ya RNDIS. Ukibonyeza OK, SSH yako inakatika. Usishtuke. Windows imeibadilishia kadi ya USB anwani kuwa 192.168.137.1 bila kukuuliza. Rudi kwenye Properties za kadi ya RNDIS, fungua IPv4, andika 192.168.7.1 kwa mkono. Kwenye subnet mask fuata inavyosema bodi: `ip addr show usb0` ikionyesha `/30` andika 255.255.255.252, ikionyesha `/24` andika 255.255.255.0. SSH itarudi, na kushirikisha kutaendelea kufanya kazi. Baada ya hapo endesha amri zile mbili za upande wa bodi.

Kero ya Windows ni usahaulifu. Tangu toleo la 1709 la Windows 10, ukiwasha laptopu upya unakuta tiki ipo lakini intaneti haipiti. Wengi huondoa tiki, wanabonyeza OK, wanairudisha, na kurekebisha tena anwani, kila asubuhi. Tiba ya kudumu ni kuifanya huduma ya Internet Connection Sharing iwe Automatic kwenye `services.msc`, na kuongeza kwenye rejista, chini ya HKLM\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\SharedAccess, thamani ya DWORD iitwayo EnableRebootPersistConnection yenye 1.

Mac

Mac haina RNDIS, kwa hiyo sahau namba 7 na utumie 192.168.6.2. Ukiwasha Internet Sharing, Mac inaichukua kadi ya USB na kuiweka kwenye mtandao wake wa 192.168.2.1, na SSH inakufa. Ingia kwa siriali na uiombe bodi ichukue anwani mpya kwa `sudo dhclient usb1`. Kwa kawaida `dhclient` inaleta njia na DNS kwa pamoja. Usipofungua tundu la siriali mapema, utabaki unatazama bodi kama mgeni aliyefungiwa nje.

Soma kosa, usikisie

Kilicho kizuri kwa BeagleBone ni kwamba inaendesha Debian halisi, na Debian hutaja kosa kwa usahihi kama utaisikiliza. Mpangilio wa kupima ni kutoka chini kwenda juu, na neno moja linatofautisha chanzo kimoja na kingine.

Anza na `ping 192.168.7.1` kutoka ndani ya bodi. Ikikosa jibu kwenye Windows, usihukumu: fayawoli ya Windows huzima majibu ya ping kwenye mtandao iliouita wa umma. Kama uko ndani ya bodi kwa SSH kupitia waya huohuo, kiungo ni kizima. SSH yenyewe ni ushahidi.

Kisha `ping 8.8.8.8`. Jibu la `Network is unreachable` linatoka papo hapo na linamaanisha bodi haina njia ya nje, rudi kwenye `ip route add`. `Destination Host Unreachable` ni kwamba njia ipo lakini lango halipatikani, na hapo anwani ya laptopu imebadilika kuwa 192.168.137.1, 10.42.0.1 au 192.168.2.1. Kimya kitupu, pakiti zote zikipotea, ni kosa la laptopu: pakiti zinafika huko na hazivushwi, au zinavushwa na hazibadilishwi anwani. Kwenye Linux utazitofautisha kwa `sudo tcpdump -ni wlan0 icmp`. Kusipotokea kitu, FORWARD imefungwa. Zikionekana zinatoka na anwani 192.168.7.2, MASQUERADE haijazigusa, na rauta ya Wi-Fi haina pa kurudishia jibu.

Ping ya namba ikipita lakini ya jina ikajibu `Temporary failure in name resolution`, ni DNS tu, na hakuna haja ya kugusa iptables tena. Hapa ndipo watu huharibu kilichokwisha kufanya kazi.

Tahadhari moja: baadhi ya mitandao huzuia ping kabisa huku kurasa zikifunguka. Kabla ya kukata tamaa jaribu `curl -I http://deb.debian.org`. Ukurasa wa kuingilia wa Wi-Fi ya chuo, kwa upande mwingine, hausumbui bodi: ukishaingia kwenye laptopu, rauta inaona laptopu peke yake, na bodi inapita chini ya jina hilohilo. Muda wa kuingia ukiisha, zote mbili zinakatika pamoja.

Na kama laptopu yenyewe ndiyo inayopoteza intaneti mara bodi inapochomekwa, tazama `ip route` kwenye laptopu. Mistari miwili ya `default` inasema kwamba laptopu sasa inaitegemea bodi iipe njia, na bodi inaitegemea laptopu. Futa ule unaopitia 192.168.7.2 au 192.168.6.2.

Makosa mawili yanayojifanya ya intaneti

La kwanza ni saa. BeagleBone Black haina betri ya kutunza muda. Ikikatiwa umeme, inaamka ikiwa na tarehe ya nyuma, wakati mwingine miaka kadhaa. Ping inapita, DNS inajibu, lakini kila tovuti ya https inakataliwa kwa kuwa cheti bado hakijaanza kutumika, na `apt` inalalamika kwamba faili la Release si halali bado. Kutoka kwenye laptopu ya Linux au Mac, amri moja inatosha (kwenye Mac weka anwani ya bodi unayoitumia huko):

ssh -t debian@192.168.7.2 "sudo date -s @$(date +%s)"

Alama za kunukuu ziwe hizo mbilimbili, si moja-moja, ili saa isomwe kwenye laptopu na si kwenye bodi.

La pili ni umri wa Debian iliyomo. Bodi zilizokaa rafuni muda mrefu huja na Wheezy, Jessie au Stretch kwenye eMMC, matoleo ambayo Debian imeshayahamishia archive.debian.org. `apt update` inarudisha `404 Not Found`, na mtu anaanza upya kuhangaika na waya. Kumbe 404 ni habari njema: seva ya mbali imejibu, kwa hiyo intaneti inapita. Badala ya kufukuzana na hifadhi za zamani, andika upya eMMC. Pakua kwenye laptopu picha mpya, yaani faili lenye mfumo mzima, ya aina ya kuandikia eMMC (flasher), ichome kwenye kadi ya microSD, zima bodi, ichomeke kadi, shikilia kitufe kilicho karibu na tundu la kadi huku ukiwasha umeme, kisha kiachie taa zikiwaka. Chagua picha isiyo na dawati la picha. Kwenye GB 4, yenye dawati inaacha nafasi ya kupumulia tu, na `apt upgrade` ya kwanza inaweza kuijaza. `df -h` kabla, si baada. Kumbuka pia nani analipia bando: usasishaji wa picha ya zamani unaweza kula mamia ya MB, na laptopu iliyounganishwa na hotspoti ya simu haitakuonya.

Simu badala ya laptopu

Kuna njia nyingine ambayo kwa matumizi ya shambani ni bora kuliko zote zilizotangulia. Bodi ina tundu la USB la kawaida la kupokelea vifaa. Chomeka simu ya Android humo, washa USB tethering kwenye simu, na bodi inaona kadi mpya, `usb2` au jina linaloanza na `enx`. `sudo dhclient usb2` inaleta anwani, njia na DNS kwa mkupuo, kwa kuwa simu ni rauta tayari. Hakuna iptables, hakuna tiki za Windows.

Shida ni umeme. Simu inaanza kujichaji kutoka kwenye bodi, na bodi inayokula kwa USB ya laptopu haina cha kugawa. Inazima ghafla au inajiwasha upya mara tu simu inapochomekwa. Tumia adapta ya V 5 na A 2 kwenye tundu la duara, plagi ya mm 5.5 kwa 2.1, chanya katikati. Angalia maandishi ya adapta mara mbili: ile ya rauta au king'amuzi ina plagi inayoingia vizuri kabisa, na mara nyingi ni ya V 12. Kwenye kerneli (kiini cha Linux) za zamani za 3.8, chomeka simu kabla ya kuwasha bodi, maana kifaa kilichoingia baadaye kinaweza kutoonekana. Na usikate umeme kwa kuchomoa. Bonyeza kitufe cha umeme mara moja, subiri taa zizime.

Kwa anayenunua sasa, ndugu zake wapo. BeagleBone Green imeondoa HDMI na tundu la duara, ikaweka micro-USB. Black Wireless ina Wi-Fi lakini haina Ethernet. PocketBeagle ya 2017 ni ndogo kama kisanduku cha kiberiti, haina hata moja kati ya hizo mbili, kwa hiyo waya wa USB ndio mlango wake mkuu na maelekezo ya hapa ya kushirikisha intaneti kwa waya huo yanaihusu. Black ya kawaida inabaki chaguo salama zaidi kwa anayeanza, kwa sababu siku USB ikigoma kabisa, tundu la Ethernet lipo.

Dukani, kabla hujalipa, omba ichomekwe kwenye laptopu kwa waya utakaopewa, si waya wa muuzaji. Subiri USR0 ipige mapigo, diski ya BEAGLEBONE itokee, na 192.168.7.2 ijibu. Vikitimia hivyo vitatu, bodi na waya wake ni vizima, na chochote kitakachogoma nyumbani kitatafutwa kwenye mipangilio.